Saratani ya kichwa na shingo: dawa ipi kabla ya kisu, ipi baada yake

Wadogo zangu mnaoanza wodi ya saratani, mtakutana na mgonjwa mwenye saratani ya ulimi inayoweza kukatwa, na mtaulizwa: kemo, yaani dawa za kuua chembe za saratani, inaingia wapi, na tiba ya kinga, yaani dawa za kuamsha kinga ya mwili iishambulie saratani, inaingia wapi? Msikimbilie kukariri majina ya dawa. Shikeni kwanza mpangilio.

Kwa miaka mingi tiba ilikuwa upasuaji, kisha mionzi. Mwaka 2004 tafiti mbili, moja ya Ulaya na moja ya Marekani, zilionyesha kuwa sisplatini, dawa ya kemo, ikitolewa sambamba na mionzi huwasaidia waliobaki na saratani kwenye kingo za pale palipokatwa, au ambao saratani imetoboa ganda la tezi za shingo. Ndiyo maana si kila aliyepasuliwa anapewa kemo. Ripoti ya patholojia, yaani ya uchunguzi wa maabara wa nyama iliyokatwa, ndiyo huamua, kwa hiyo isomeni wenyewe hadi mstari wa mwisho, msingoje kusimuliwa.

Kisha ukaja utafiti wa KEYNOTE-689, wenye wagonjwa 714. Kundi moja lilipewa pembrolizumabu, dawa ya tiba ya kinga, dozi mbili kabla ya upasuaji, kisha likaendelea nayo baada ya upasuaji pamoja na mionzi, na sisplatini kwa waliostahili. Baada ya miaka mitatu, asilimia 58 hivi ya kundi hilo walikuwa hai bila ugonjwa kurudi wala kusonga mbele. Kwa waliopata tiba ya kawaida ilikuwa 46. Juni 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha mpangilio huo kwa wenye kipimo cha PD-L1 (protini inayoisaidia saratani kuikwepa kinga ya mwili) cha 1 au zaidi.

Angalieni vizuri: kabla ya kisu hapakuwa na kemo. Hapo ndipo wengi huchanganya mambo. Kutoa kemo na tiba ya kinga pamoja kabla ya upasuaji bado kunachunguzwa, hasa China, na katika tafiti ndogo uvimbe husinyaa sana. Inatia moyo, ila mimi simwahidi mgonjwa kitu kwa sababu ya kusinyaa tu. Tena kwa wasiopasuliwa, utafiti wa KEYNOTE-412 ulipoongeza pembrolizumabu kwenye mionzi na sisplatini, haukuthibitisha faida.

Kusinyaa huko kuna mtego wake. Mgonjwa aliyekuwa hamezi hata uji anaanza kula ugali, halafu anakuuliza, "Daktari, si umeisha huu? Mnanikata nini tena?" Mazungumzo hayo yafanyeni siku ya kwanza, kabla ya dozi yoyote, na ndugu zake wakiwepo. Siku hiyo hiyo uvimbe upimwe, upigwe picha, na mipaka yake iwekwe alama, kwa kuwa daktari wa upasuaji kwa kawaida atakata kwa kufuata mipaka ya mwanzo. Chembe za saratani zinaweza kubaki mahali ambapo jicho linaona pamepona.

Madhara nayo yana tabia tofauti. Sisplatini mnaijua: figo, masikio, kutapika. Tiba ya kinga huufanya mwili ujishambulie, na inaweza kufanya hivyo miezi kadhaa baada ya dozi ya mwisho. Anayeharisha baada ya pembrolizumabu msimpe dawa ya kufunga choo na kumrudisha nyumbani; huenda utumbo umevimba, naye anahitaji prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga. Pimeni thairoidi kabla ya kuanza na mrudie kila baada ya muda. Mgonjwa aliyelegea, presha chini, sodiamu chini, asilazwe usingizi wa upasuaji kabla hamjapima kortisoli, kwani tiba ya kinga inaweza kudhuru tezi zinazohusika na homoni hiyo.

Kuhusu pesa nitasema wazi. Kwetu, pembrolizumabu iko nje ya uwezo wa familia nyingi. Msikubali shamba liuzwe kwa ajili ya dozi ya kwanza huku upasuaji unasogezwa mbele na hakuna ajuaye ya pili itatoka wapi. Upasuaji mzuri, kisha mionzi inayoanza ndani ya wiki sita, bado ni tiba kamili. Na meno mabovu yang'olewe siku ile ile ya upasuaji ikiwezekana, maana vidonda vya meno vikichelewa kupona, mionzi nayo inachelewa.