Wagner au Mantle: kadi ipi ndiyo nembo ya besiboli?

Ndugu yangu, umeuliza kama heshima ya kwanza miongoni mwa kadi za zamani za besiboli, yaani kadi zenye picha za wachezaji ambazo watu hukusanya, ni ya mchezaji Honus Wagner wa seti ya T206 (kadi za pakiti za sigara) au ya mchezaji Mickey Mantle wa kampuni ya Topps ya mwaka 1952, kwa kuwa wenzako wa mnadani wanashikilia kwamba bei ndiyo inayoamua. Ni kweli kwamba mwaka 2022 kadi moja ya Mantle iliuzwa kwa dola milioni 12.6, lakini bei hiyo ilitokana na hali yake safi isiyo ya kawaida, si na uchache wa kadi zenyewe.

Kwa maoni yangu, Wagner ndiye wa kwanza. Kadi yake, yenye usuli wa rangi ya chungwa na nywele zilizogawanywa katikati, ilitolewa ndani ya pakiti za sigara kati ya 1909 na 1911, kisha ikasitishwa mapema. Wengi husema mchezaji mwenyewe hakutaka watoto wanunue tumbaku ili kumpata, ingawa wapo wanaodai alitaka malipo. Zinazojulikana leo hazifiki mia moja.

Mantle naye ana hoja nzito, maana kadi za mfululizo wake zilizobaki bila kuuzwa zilitupwa baharini karibu mwaka 1960, ila usiiite hiyo ya Topps kadi yake ya kwanza: ya kwanza ni ya kampuni ya Bowman, 1951.

Kama unataka kuanza kukusanya, tafuta T206 ya mchezaji asiye maarufu, hata ikiwa pembe zimechakaa, na uichunguze kwa kioo cha kukuza kabla ya kulipa, kwani nakala za kughushi ni nyingi mno.