Shangazi, kwani wepesi ndo spidi?

SWALI: Shikamoo shangazi. Nina miaka 34, nashona kwenye ofisi ya fundi mmoja hapa Tanga, jioni nacheza netiboli na kina mama wenzangu wa mtaani na Jumapili nipo kwaya, naimba soprano. Mwezi huu nimeambiwa neno moja na watu watatu mpaka nimeanza kujiuliza nina nini. Kochi anasema niongeze wepesi, mwalimu wa kwaya kasema sauti yangu haina wepesi, na bosi nae kasema nina mkono mzito. Basi nikaanza kufanya kila kitu mbiombio, matokeo yake uwanjani napigiwa filimbi za stepu, kwaya naachwa kwenye zile noti zinazokimbia, na wiki iliyopita gauni moja nimelifumua mara mbili. Wepesi ndo spidi au mi ndo sielewi? Na kwa umri huu bado naweza kuupata? – Mama Wawili, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole na hilo gauni, kufumua kunaumiza roho, najua manake nimekaa kwenye cherehani miaka mingi kabla sijaanza kujibu barua zenu.

Wepesi sio spidi, na hapo ndo ulipopotelea. Sikiliza tu tunavolitumia neno lenyewe, mzigo mwepesi, mtihani mwepesi, mwepesi wa kuelewa, mwepesi wa hasira, na mgonjwa tukimwombea tunasema Mungu amfanyie wepesi, hakuna anaemwombea akimbie, tunaomba uzito umtoke. Kwa hiyo kinyume cha wepesi ni uzito. Bosi wako kasema mkono mzito, hakusema mkono unachelewa, na mi naona kakuambia kitu cha maana sana.

Spidi tupu ni ile ya Usain Bolt, Berlin mwaka 2009, mita 100 kwa sekunde 9.58. Pale njia imenyooka, hakuna mtu anaekuzibia, hakuna kona. Netiboli sio hivo. Ukidaka mpira una sekunde 3 tu za kuuachia, na ule mguu uliotua nao ukishaunyanyua huruhusiwi kuurudisha chini mpira ukiwa bado mkononi. Sasa wewe unaufikia mpira kwa kasi kubwa, breki huna, mguu unarudi chini wenyewe, filimbi. Kochi anataka ujue kusimama na kugeuka. Hatua mbili tatu za mwisho zifanye fupi, kunja magoti, kalio lishuke kidogo, ndo udake. Afu mwambie mwenzako asimame mbele yako akuonyeshe mkono kushoto au kulia bila kukupa taarifa, wewe ukate kuelekea huko. Usipange kona kabla, manake kwenye mechi hakuna anaekupangia. Unakumbuka rede? Yule wa katikati aliekuwa anajaza mchanga kwenye chupa hakuwa lazima awe na mbio kuliko wote, alikuwa anaangalia bega la mrushaji.

Sauti ndo ninayoipenda zaidi, acha nikae hapo kidogo. Kamba za sauti za mwanamke akiongea kawaida zinatikisika kama mara 200 kwa sekunde moja, na ukipanda oktavu nzima, yaani kutoka do mpaka do ya juu yake, hiyo hesabu inakuwa mara mbili. Kitu kinachotikisika hivo huwezi kukisukuma kwa shingo. Ukiona wimbo unakimbia wewe unakaza taya, mabega yanapanda, ulimi unarudi nyuma, yaani unaongeza uzito palepale ulipoambiwa upunguze. Chukua ule mstari unaokushinda uuimbe taratibu kabisa, tena bila maneno, puliza midomo itetemeke kama mtoto anaeigiza pikipiki, kila noti uisikie imesimama mahali pake, ikikaa ndo uongeze mwendo kidogo, kesho kidogo tena. Na pumzi vuta chini tumboni kabla mstari haujaanza, ukisubiri katikati umechelewa. Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, kabla dunia haijamjua alikuwa anatembeza vyungu vya mama yake mjini Unguja akivinadi kwa sauti, na mwaka 1928 sauti hiyohiyo ikarekodiwa Bombay, India. Mi huwa nawaza zile njia za mji wa Unguja zilimfundisha mengi, mtu unatembea, umebeba, jua kali, na bado sauti inatakiwa imfikie mama aliyeko ndani ya nyumba bila kukuchosha wewe.

Kwenye cherehani nadhani gauni lilikushinda kwapani, sijui kama nimekosea. Kwapa ni mviringo, ukilipitia kwa mwendo wa mshono ulionyooka lazima kitambaa kivute. Ukifika kwenye kona simamisha mashine sindano ikiwa imezama ndani ya kitambaa, nyanyua kimguu cha mashine kinachobana kitambaa, zungusha kitambaa, laza vizuri kwa kidole, shusha kimguu, endelea. Ile sindano iliyozama ndo ule mguu wako uliotua uwanjani, unageuka ukiwa umeshikwa mahali. Fundi mmoja mzee niliekaa nae hakuwa na haraka hata siku moja, ila bobini, vile vigurudumu vya uzi wa chini, alikuwa anajaza tatu asubuhi kabla hajagusa kazi, na mkasi ulikuwa unalala upande wa kulia siku zote, anaunyanyua bila kuangalia. Tuliokuwa na haraka ndo tulikuwa tunauliza mkasi uko wapi. Jioni alikuwa ametuacha mbali.

Umri wala usikutishe, miaka 34 miguu bado inajifunza vizuri tu, ila pasha mwili moto kwanza na upumzike kati ya siku za mazoezi. Sauti ndo kabisa, wengi inawakaa sawa wakiwa wakubwa.

Mteja akija kuchukua hilo gauni mwombe alivae hapohapo na anyanyue mikono yote miwili juu. Kwapa lisipovuta niandikie tena, nataka kujua.