Nianzie Kuzamia Pemba, Unguja au Mafia?

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni muuguzi wa Morogoro, najua kuogelea kwa kiasi, na likizo yangu ya Oktoba nataka kuitumia kujifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa. Wenzangu wananiambia Pemba ina matumbawe mazuri kuliko kwingine. Je, nianzie huko?

JIBU: Ndugu msomaji, waliokusifia Pemba hawakukosea, ila wamekusifia mahali panapomfaa mtu aliyekwisha kujifunza. Sehemu nyingi huko mwamba hushuka wima hadi kilindini na mkondo una nguvu, kwa hiyo mwanafunzi ambaye bado hajaweza kujituliza katika kina kimoja anaweza kushuka mno kabla hajatanabahi, ilhali cheti cha kwanza cha PADI, shirika la kimataifa la mafunzo ya uzamiaji, humruhusu mtu kufika mita 18 tu.

Ningekushauri uende Unguja, upande wa Nungwi na Kendwa, au Mafia ndani ya Ghuba ya Chole, ambayo imekingwa na mawimbi ya bahari kuu. Hata huko Chole, maji yanayopita mlango wa Kinasi huenda kasi sana siku za bamvua, yaani bahari inapojaa na kupwa kupita kiasi. Omba mafunzo yako yaangukie maji mafu, siku ambazo kujaa na kupwa ni kudogo. Mwezi uliouchagua ni mzuri, kwa kuwa kusi huwa imelegea na kaskazi haijashika.

Lakini mwalimu ana uzito kuliko mahali, na hili nalisema kwa msisitizo. Mtu aliyezoea kupiga mbizi kwa kubana pumzi lazima aiache desturi hiyo akivaa mtungi: katika kina cha mita 10 msukumo ni maradufu ya ule wa juu ya maji, na hewa uliyoivuta huko, ukipanda nayo huku umeibana, hutanuka hadi ikaweza kupasua mapafu. Jambo kama hilo hulielewi kwa kuoneshwa ishara za mikono na mtu msiyeelewana lugha. Mtafute mwalimu atakayekufundisha kwa Kiswahili, au kwa lugha unayoimudu barabara, na umuulize atakuwa na wanafunzi wangapi majini. Utaratibu wa PADI unaruhusu hadi wanane baharini. Mimi nisingekubali zaidi ya wanne.

Chuo kinachokuahidi cheti kwa siku moja kikwepe, kwani kozi kamili huchukua siku tatu au nne, ikiwa na mazoezi katika maji yaliyotulia, mizamio minne baharini, na jaribio la kuogelea mita 200 na kuelea dakika 10. Fomu ya afya ijaze kwa ukweli mtupu, hasa kuhusu pumu, moyo na masikio. Wewe muuguzi unajua sababu. Na ukiwa utarudi bara kwa ndege, ziache zipite saa 18 tangu mzamio wako wa mwisho.