Jibu: Giga 1 inaisha kabla ya video ya saa moja, na simu inajaa

Jambo dada. Umeandika toka Bukavu kwamba giga 1 inaisha kabla video ya saa moja haijafika mwisho, na simu inajaa ingawa hupakui kitu.

Angalia kwanza ubora wa video: gusa alama ya gia juu ya video yenyewe. Kwa 1080p (picha safi sana), saa moja inaweza kuvuka giga 1 na nusu. Kwa 480p (picha ya kawaida) ni kama nusu giga au chini yake. Usiiache kwenye otomatiki, maana mtandao ukipata kasi ubora unapanda wenyewe na mega zinakimbia. Hesabu ni hii: kila megabiti 1 kwa sekunde ya kasi ambayo video inaingia kwenye simu ni mega 450 kwa saa. Ukirudia video ileile siku nyingine, kwa kawaida unalipa upya.

Kujaa kwa simu ni jambo lingine, na mara nyingi ni WhatsApp. Ingia Mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, uzime video kujipakua zenyewe. Kisha kwenye programu ya video futa kashe tu (mafaili ya muda ambayo programu inajiwekea). Tafadhali usibonyeze kufuta data yote: inaweza kukutoa kwenye akaunti yako na kufuta video ulizohifadhi humo.