Kitufe kikivuka pindo la dirisha

Kama unajichorea mwenyewe paneli na vitufe vya programu badala ya kuiachia maktaba kubwa ya msimbo, nakusihi jambo moja: usimpe mtoto (kilichomo ndani, kama kitufe) mstatili wa kukatia, yaani eneo ambalo nje yake hakichorwi kitu, kabla hujaukutanisha na wa mzazi wake (kinachokibeba, kama paneli).

Nilimwandikia mama mmoja muuza vifaa vya ujenzi, hapa Ngamiani, Tanga, programu ya mauzo kwa SDL, maktaba ya msingi ya kuchora kwenye skrini. Orodha ya bidhaa ilikaa ndani ya paneli, Jumla ikawa chini yake. Siku ya kwanza tu akaniita: "Mwanangu, mbona misumari imepanda juu ya jumla? Nimtajie mteja bei gani?" Nikainama nikatazama. Rangi ya mstari ilikatika vizuri mpakani, lakini maneno "Misumari ya inchi 4" yalipitiliza, yakalalia tarakimu.

Paneli ilikuwa na mstatili wake wa kukatia, na kisanduku cha jina nacho kikaweka chake. Katika SDL, ukiweka mpya ule wa zamani unaondoka, haiunganishwi. Kumbe mtoto alikuwa amefuta mpaka wa mzazi! Dawa ni makutano: kwa kushoto na juu chukua namba kubwa kati ya mbili, kwa kulia na chini chukua ndogo. Upana au kimo kikitoka sifuri au hasi, usichore kabisa. Ukimaliza na mtoto, rudisha mstatili wa mzazi.

Halafu mpaka wenyewe. Tazama kanga: ina pindo, ina mji. Watoto wachorwe kwenye mji tu. Paneli yangu ilianzia pikseli 60 kutoka juu ya dirisha, kimo 300, na pindo lake lilikuwa na unene wa pikseli 2. Mji wake basi ni kuanzia 62 hadi 358. Mstari unaoanzia 340 wenye kimo cha 40 huonekana pikseli 18 tu. (Ukitumia glScissor, amri ya kukatia ya mfumo mwingine wa kuchora uitwao OpenGL, geuza hesabu ya juu na chini, maana yenyewe huanzia kona ya chini kushoto.)

Kilichoniuma zaidi kilikuja baadaye. Mama alibonyeza Lipa, saruji ikatoweka kwenye orodha. Kitufe cha Futa cha mstari uliokatwa hakikuonekana, ila kilikuwa bado kinapokea mbonyezo palepale chini ya Lipa. Nikaipitisha mibonyezo ya kipanya kwenye mistatili ileile ya kukatia, ili kisichoonekana kisibonyezeke, nikarudi dukani. Akabonyeza Lipa mara tatu mbele yangu, saruji imo.