Kituo cha watoto katika jamii ya Waaborijini: anza na orodha ya zamu

Ukienda kuongoza kituo cha malezi ya watoto wadogo katika jamii ya Waaborijini, wenyeji asilia wa Australia, iliyo mbali na mji, tuseme katika eneo la Northern Territory, vitabu vya picha na midoli vitasubiri. Kinachofunga vituo hivi ni kukosa walezi saa mbili asubuhi, watoto wakiwa wameshafika getini.

Hesabu yenyewe ni hii. Kwa kituo cha Northern Territory kilicho chini ya sheria ya kitaifa ya malezi ya watoto, mlezi 1 huangalia watoto 4 walio chini ya miaka 2, au 5 ambao hawajatimiza 3, au 11 waliozidi hapo. Kwa hiyo watoto 20 waliogawanyika 4, 5 na 11 wanataka walezi 3 muda wote. Ukiajiri 3 tu, mmoja akiugua umefunga. Sisi tunashauri majina 8 au 9, wengi wao kwa siku mbili tatu za wiki, na wote wawe na kadi ya Ochre, yaani kibali cha kufanya kazi na watoto, kinachodumu miaka 2. Watu hukwama kwenye vitambulisho: cheti cha kuzaliwa hakionekani, au jina lake lililoko benki halifanani na la cheti. Jazeni fomu pamoja.

Kabla hujabandika zamu, mwonyeshe bibi anayeheshimika pale. Wapo jamaa ambao kimila hawakai chumba kimoja wala kusemezana, hasa mama mkwe na mkwewe wa kiume. Msomaji ambaye kwao mkwe hukwepwa ataelewa upesi. Ukiwapanga pamoja, hakuna atakayelalamika. Mmoja hatakuja tu, nawe utamwandika mtoro bila haki.

Majina hayo yatoke familia mbalimbali, kwa sababu ya matanga. Msiba ukitokea, ukoo mzima unaweza kukaa matangani siku nyingi, hata wiki kadhaa, na wafanyakazi wako ndio ukoo wenyewe. Likizo ya msiba katika mkataba ihesabu undugu kama wao wanavyouhesabu: dada wa mama ni mama, kama sisi tulivyo na mama mkubwa na mama mdogo. Kubalianeni mapema na wazee nani ataamua kituo kifungwe.

Jina la marehemu nalo halitajwi. Kwa Wawarlpiri, moja ya jamii za Waaborijini wa huko, mtu aliye hai aliyebaki na jina hilo huitwa Kumanjayi. Kwa hiyo usigundishe picha wala majina ukutani, tumia pini. Mtu akifariki, ziondoe zake siku hiyohiyo, zihifadhi kwenye bahasha, na usizirudishe mpaka familia iseme.

Mkekani, mlezi mwenyeji ndiye aimbe na kusimulia, kwa Kiwarlpiri, Kipitjantjatjara au lugha yoyote ya pale. Kiongozi akishika nyimbo zote kwa Kiingereza, wenyeji husogea nyuma taratibu, mwisho wanabaki na nepi na vyombo. Hili linatuuma kuliko yote, maana watoto huona nani anafundisha na nani anafagia.

Chakula: kaskazini mvua hukata barabara, kwa kawaida kati ya Desemba na Aprili. Weka akiba ya wiki 6 ya mchele, shayiri, maziwa ya unga, samaki wa kopo na nyama kwenye friza.

Halafu masikio. Usaha wa sikio ni wa kawaida mno kwa watoto hawa, na asiyeitika akiitwa huonekana mkaidi kumbe hasikii. Zima feni, kaa mbele yake akuone mdomo. Kila asubuhi wote wapenge kamasi na kunawa, kisha wenye usaha wakaushwe masikio, baada ya muuguzi wa kliniki kuwafundisha walezi. Usitumie vijiti vya pamba. Chana kipande cha tishu, kisokote kiwe na ncha imara, kiingize polepole huku ukikizungusha mpaka mtoto apepese jicho, hesabu sekunde 30, kitoe, kitupe, tengeneza kingine. Rudia mpaka kitoke kikavu, nawa mikono, andika jina lake kwenye daftari la kliniki, kisha mwite anayefuata.