Mwanangu, miji minne kwa siku kumi ni mingi

Mwanangu,

Nimesoma meseji yako mara tatu, ile unayouliza kama siku kumi zinatosha kuwapeleka watoto Roma, Florence, Venice na Paris, na kama huyo mdogo ambaye hajafikisha hata miaka mitatu ataambulia chochote. Nakujibu bila kuzunguka, punguza miji, chukua miwili tu. Najua umeshaipenda hiyo ratiba yako na umeipanga mpaka masaa, lakini hebu piga hesabu na mimi, kila mkihama mji siku inaliwa yote, asubuhi kufunga mabegi, kutoka hotelini, kukimbilia stesheni, kufika kutafuta hoteli nyingine, af usiku mtoto halali vizuri maana kitanda kigeni na chumba kigeni. Mkihama mara tatu ni siku tatu hizo zimeenda, weka na ya kufika na ya kurudi, imebaki tano. Siku tano kwa miji minne ni mbio mama, hapo hakuna matembezi.

Na sikwambii haya ya kusikia, niliwahi kukosea mimi na wewe ndo ulikuwepo. Ulikuwa na miaka mitano, mdogo wako nimembeba kwenye mbeleko, tupo Roma, nimeandika sehemu tano kwa siku moja. Colosseum asubuhi, ule uwanja wa kale wa mapigano, ikaenda vizuri kabisa. Ulichoka kidogo ukachuchumaa pembeni ya jiwe unamwangalia mjusi, mimi nikawa nakuvuta twende twende, baba yako akaniambia muache. Akakaa chini na wewe akakuelekeza kule chini ya uwanja kwenye zile kuta zilizojipanga kama vyumba, akakwambia simba walikuwa wanafungiwa humo, halafu watu wanazungusha magurudumu makubwa kwa mikono, kamba zinavuta, kizimba kinapanda juu, mlango wa sakafuni unafunguka na simba anatokea katikati ya watu. Ukanyamaza sana, af ukauliza, "Simba alikuwa anajua anapelekwa wapi?" Jengo limesimama tangu mwaka 80 baada ya Kristo, mimi nilikuwa nimesoma kitabu kizima kuhusu hilo jengo na hilo swali halikuwahi kunijia.

Pale ndo tulitakiwa tuishie, turudi mkalale. Mimi nikawaburuza mpaka Vatikani mchana jua kali, tumejiunga na kundi la watalii na aliyekuwa anatutembeza hakusubiri mtu, ukalala chini kwenye foleni, kwenye mawe yenyewe, watu wanakuruka. Baba yako akakubeba masaa mawili umelala, hukuona kitu hata kimoja. Roho inaniuma mpaka leo, maana asubuhi ile ulikuwa na furaha yote na mimi ndo niliyeimaliza.

Kwahiyo kitu kimoja kikubwa kwa siku, asubuhi na mapema wakati wana nguvu, basi. Mchana mnarudi hotelini wanalala, na ndo maana nasema hoteli iwe karibu, bora chumba kidogo katikati ya mji kuliko kikubwa cha mbali ambacho hamwezi kukirudia mchana. Jioni mnatoka tena bila mpango, kutembea tu. Roma jioni ni nzuri sana kwa watoto, kuna yale mabomba ya maji ya chuma mitaani, yapo zaidi ya 2,000, maji yanatiririka muda wote na ni ya kunywa. Mdomo wa bomba una kitundu kwa juu, ukiziba chini kwa kidole maji yanaruka kama chemchemi moja kwa moja mdomoni. Mfundishe mkubwa, atataka kusimama kila bomba, na wewe msimamie, usimharakishe.

Ungeniuliza mimi ningechukua Roma siku sita na Venice nne. Treni ya haraka kati yao ni kama masaa manne, watoto wanalala humo humo. Venice hakuna magari, hakuna pikipiki, na kusafiri kwenyewe ni kwa boti, kwa mtoto hiyo tayari ni maajabu hata bila kuingia makumbusho yoyote. Ila mambo mawili. Mifereji mingi haina kingo, ni njia halafu maji hapo hapo, mdogo asiachiwe mkono hata sekunde. Na madaraja ni mamia na mengi yana ngazi, kigari cha mtoto mtakuwa mnakinyanyua mnakishusha mpaka migongo iishe, beba mbeleko. Hata Roma yale mawe ya barabarani yanakitikisa kigari mtoto haelewi alale au alie.

Florence najua unaitamani kwa ajili ya kupanda lile kuba la kanisa kuu. Ni ngazi 463 na hakuna lifti, na huko juu njia ni nyembamba, kwa mtoto wa miaka miwili hapana. Mkiamua kwenda basi gawaneni, wewe upande mwenzio abaki na watoto uwanjani wakimbize njiwa, kesho yake zamu yake kwenye kitu anachokipenda yeye. Mnara wa Pisa, ule ulioinama, usimwahidi mkubwa kabisa, ana miaka sita na chini ya miaka nane hawaruhusiwi kupanda, atalia pale mlangoni na atakuwa na haki.

Paris iacheni mwaka mwingine, haikimbii. Vituo vingi vya metro, treni za chini ya ardhi, ni ngazi tupu, na makumbusho ya Louvre mtoto mdogo anaweza nusu saa nzuri, baada ya hapo mnashindana naye. Mkienda siku nyingine anzeni na bustani ya Luxembourg, kuna bwawa watoto wanasukuma mashua ndogo za matanga kwa kijiti, halafu muone kama mtaondoka mapema.

Tiketi, hili usilale nalo. Colosseum walio chini ya miaka 18 hawalipi lakini lazima uwakatie tiketi zao pia, zina muda wake na jina, mbebe na pasi za kusafiria. Makumbusho ya Vatikani yanafungwa Jumapili isipokuwa ya mwisho wa mwezi, angalia kalenda kabla hujapanga, na mabega na magoti yafunikwe, hata wewe.

Umeuliza pia mdogo ataelewa nini. Hatakumbuka, nakwambia ukweli. Mdogo wako hakumbuki chochote cha Roma. Lakini wiki ile nzima tulikuwa naye sisi, hakuna kazi, hakuna simu, alijifunza kusema "maji" pale kwenye bomba akiwa amelowa mpaka kitambi na baba yako akacheka hadi akakaa chini. Hiyo ninayo mimi. Kwahiyo usimuache kwa bibi kama ulivyokuwa unafikiria, ingawa bibi mwenyewe ni mimi na ningempokea kwa mikono miwili.

Mkubwa mwanzishieni hadithi kuanzia sasa, kila usiku kidogo, za simba na wale wapiganaji na mji uliojengwa juu ya maji, ili akifika awe anatafuta vitu anavyovijua. Na viatu wanunulie mwezi huu wavivae nyumbani mpaka vilainike, usiwavalishe vipya siku ya safari. Niambie mmechagua miji gani nianze kuwatafutia hizo hadithi.

Mama yako